Kutengeneza pingu za ngozi za chumbani kwa mkono wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa ngozi. Nilianza na mikanda ya suruali na kola za mbwa, na miaka ikaenda wakaanza kuja watu, wengi wao mke na mume, wakiuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuwashonea pingu laini za kufungana chumbani. Nikawashonea, na maswali yao nikawa nayaandika. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi kila mara. Ukurasa huu ni wa watu wazima wanaokubaliana, na unahusu kazi ya ngozi na usalama wa mwili. Mambo mengine ni ya chumba chenu.

## Mambo ya kuanzia

1. Pingu za ngozi ni kitu gani hasa?

Ni ukanda mpana wa ngozi wenye bitana laini ndani, unaovishwa kwenye kifundo cha mkono au cha mguu na kufungwa kwa bizimu. Una pete ya chuma ya kuunganishia kamba au mnyororo mfupi. Hazifanani na pingu za polisi, na hazitakiwi kufanya kazi kama zile: pingu ya chuma imebuniwa isifunguke, hii inatakiwa ifunguke mara tu anayevaa anapotaka. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

2. Haya si mambo ya kigeni?

Bidhaa zenyewe kwa umbo tunalolijua zimetoka nje, kweli. Mishono yake ni ya mafundi wa matandiko ya farasi wa Ulaya: bizimu, pete ya umbo la D na mshono wa sindano mbili vyote ni vya hatamu na lijamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha mwaka 1945, vikundi vya waendesha pikipiki Marekani vilivaa ngozi, na mtindo wa chumbani ukakua humo humo. Mtaa wa Folsom, San Francisco, una tamasha la wapenzi wa ngozi tangu 1984.

Lakini kusema kwamba mtu wa kwetu hakuwahi kufikiria namna ya kumfurahisha mwenzake ni kuwakosea bibi zetu. Shanga za kiunoni hazikuletwa na meli ya juzi, na somo anayemfunda mwari hamfundi kupika tu. Kinachobaki ni hiari. Kama mmoja wenu hataki, ngozi irudi kabatini.

3. Kwa nini nitengeneze wakati zinauzwa?

Kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo si ngozi (tazama swali la 7), pete zake ni waya uliokunjwa tu, na kipimo chake ni kimoja kwa watu wote. Mwenye kifundo cha sentimita 15 na mwenye cha 20 hawawezi kuvaa pingu moja wote wakawa salama. Na wengi wananiambia hawataki kifurushi cha namna hiyo kipite mikononi mwa watu wa posta na wa ofisini.

4. Sijawahi kushika ngozi. Nianze na nini?

Anza na mkanda wa kawaida wa suruali au kola ya mbwa. Utajifunza kukata mstari ulionyooka, kutoboa, kufunga bizimu na kushona, na ukikosea hakuna mwili wa mtu unaoumia. Ukishona mikanda miwili ambayo hujaionea aibu, kata pingu. Wanaoanza moja kwa moja na pingu hukosea jambo moja: huipendezesha nje na kusahau ndani, na ndani ndiko ngozi ya mtu iliko.

## Ngozi

5. Ninunue ngozi ya aina gani?

Unahitaji mbili. Ya nje iwe ya ng'ombe, iliyodabaghiwa (yaani iliyotayarishwa isioze) kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 3.5. Hii inashika umbo, inakubali kutobolewa bila kuchanika, na kingo zake zinaweza kung'arishwa. Ya ndani, yaani bitana, iwe laini ya mbuzi au kondoo, milimita 1 hivi.

Omba kipande cha mgongoni. Ngozi ya tumbo ni nafuu na inashawishi, lakini inavutika. Mkanda uliokatwa tumboni leo utakuwa mrefu zaidi baada ya miezi michache, na matundu yatakuwa mayai. Kabla ya kulipa, shika kipande kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu. Kikijongea kama mpira, kirudishe.

6. Nitatofautishaje ngozi ya magome na ya kromu?

Tazama ukingo uliokatwa. Ya magome ina rangi ya hudhurungi kutoka juu mpaka chini, na inanuka kama mti uliolowa. Ya kromu, yaani iliyodabaghiwa kwa chumvi za madini ya kromu, katikati mwake huwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, hata kama juu imepakwa nyeusi au nyekundu. Kama haijapakwa kitu juu, dondoshea tone la maji: ya magome hunywa na kuacha doa jeusi linalopotea ikikauka, ya kromu mara nyingi tone hukaa juu likizunguka.

Magome yanayotumika kwetu zaidi ni ya miwati, ile migunga iliyopandwa nyanda za juu kama Njombe. Tanini yake, yaani dawa ya asili iliyomo kwenye magome, ndiyo inayoifanya ngozi isioze, na ndiyo itakayokusaidia kupata rangi nyeusi kwenye swali la 16.

Kromu si sumu kwa yenyewe. Shaka iko kwenye ngozi iliyotengenezwa ovyo, ambayo kromu yake inaweza kugeuka kuwa kromu ya aina ya sita, inayowasha mwili na kuleta ukurutu. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 3 kwa kilo kwa bidhaa za ngozi zinazogusa mwili, kuanzia Mei 2015. Sokoni kwetu hutaambiwa kipimo hicho, kwa hiyo kama bitana yako ni ya kromu na inanuka kemikali kali, usiiweke kwenye kifundo cha mtu.

7. Reksini au ngozi ya kuigiza je?

Usitumie. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Kwenye tundu la bizimu, mahali panapobeba nguvu yote, plastiki inabanduka na kitambaa kinaachia. Jasho halina pa kwenda, na baada ya muda juu huanza kumenyeka vipande vinavyobaki mwilini.

Asiyetumia bidhaa za wanyama achukue utepe mpana wa pamba au wa nailoni, ule wa mabegi, aushone na bitana ya pamba. Utafanya kazi vizuri kuliko reksini.

8. Naipata wapi?

Nairobi, soko la Kariokor linajulikana kwa viatu na kazi za ngozi, na mafundi wa pale hukuuzia kipande bila kukulazimisha ununue ngozi nzima. Dar es Salaam, ulizia Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya fundi viatu na mabegi. Mji wowote ule, fundi viatu wa mtaani anajua ngozi inatoka wapi. Nunua soli kwake kwanza, halafu uliza.

Akikuuliza ni ya nini, mwambie kola ya mbwa. Vipimo vinafanana mno na hakuna atakayeshtuka.

## Bizimu na pete

9. Chuma gani kinafaa?

Bizimu yenye roli, yaani kijiti kinachozunguka pale ngozi inapopita. Ngozi inateleza, hailiwi, na kufungua ni rahisi hata ukanda ukiwa umevutwa. Kwa mkanda wa milimita 25, bizimu iwe na nafasi ya ndani ya milimita 25 kamili. Ikizidi, mkanda unacheza na kujikunja. Ikipungua, kingo zinasagika.

Pete iwe imechomelewa. Izungushe polepole vidoleni ukitafuta mwanya. Pete ya waya uliokunjwa ina mstari mwembamba ambapo ncha mbili zinakutana, na siku mtu akivuta mkono ghafla mstari huo unafunguka. Mimi nilijifunza kwa pete iliyofunguka mkononi mwangu mwenyewe nilipokuwa naijaribu: ncha yake ilichana bitana yote kwa mvuto mmoja. Ingekuwa kifundo cha mteja, ingechana kifundo.

10. Mwenzangu anawashwa na hereni za bei ndogo. Je, bizimu itamwasha?

Huenda, maana mara nyingi anayewasha ni nikeli, na vyuma vingi vinavyong'aa vimepakwa nikeli. Chagua chuma kisichoshika kutu au shaba ya manjano tupu. Pitisha sumaku: shaba ya manjano haivutwi kabisa; ikivutwa, ndani ni chuma kilichopakwa rangi tu. Kwa wa pwani jaribio hili lina faida ya pili, kwa sababu chuma kilichopakwa hakichelewi kushika kutu kwenye hewa ya chumvi.

Hata ukiwa na chuma kizuri, hakikisha bitana inapita chini ya bizimu na ya kila ribiti (kijisumari cha kubania ngozi). Chuma kisiguse mwili popote. Shaba ikitoa utando wa kijani pale inapogusa ngozi, ufute kwa kitambaa kikavu. Haimaanishi kazi yako imeharibika.

## Kazi yenyewe

11. Zana za lazima ni zipi?

Kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, panchi ya matundu, msharasi (chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi), sindano mbili zenye ncha butu, uzi wa poliesta uliopakwa nta wa milimita 0.8 au 1, gundi ya viatu, msasa, na nyundo. Vingine vyote vinaweza kungoja. Wembe uwe mpya kweli, kwani wengi wanaolalamika kwamba ngozi yao imekatika kama panga limepita walikuwa na wembe wa wiki tatu.

12. Napimaje? Nipe mfano wenye namba.

Tuseme kifundo ni sentimita 17, utepe ukiwa umekaa bila kubana. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukata ngozi ya sentimita 17 na kukuta haifiki. Ngozi ina unene: nje milimita 3, bitana 1, jumla 4. Duara la nje linazidi la ndani kwa mara 6.28 ya unene huo, yaani karibu sentimita 2.5.

Kwa hiyo kipande kipana cha nje: 17, na 2.5 ya unene, na 3 za kupandiana, jumla sentimita 22.5. Upana wake sentimita 6. Zile 3 za kupandiana ndizo zitakazokaa chini ya bizimu ili isibane nyama katikati ya ncha mbili, kwa hiyo usizipunguze ili kubania ngozi.

Mkanda mwembamba wa juu, wenye upana wa milimita 25: 19.5 za kuzunguka, 6 za kukunjia bizimu, na 10 za mkia. Kata 36. Toboa matundu matano yaliyoachana sentimita 1.5, la katikati likiwa kwenye kipimo chako. Mtu huvimba kidogo wakati wa joto, na matundu ya pembeni ndiyo nafasi yake. Kwa mguu hesabu ni ile ile, upana ongeza mpaka 7.

Pete inakaa upande ulio mkabala na bizimu. Upitishe mkanda mwembamba ndani ya pete, kisha ushone mkanda kwenye kipande kipana huku na huku ya pete. Hivyo mvuto unabebwa na ngozi nzima inayozunguka kifundo. Ukiishonea pete kikanda chake peke yake juu ya kipande kipana, umeuachia uzi kazi yote.

13. Bitana yangu inajikunja ndani nikiikunja pingu. Nimekosea wapi?

Umeigundisha ikiwa imelala mezani. Tafuta chupa yenye unene unaokaribia kifundo. Ya soda inatosha kwa mkono mwembamba. Paka gundi pande zote mbili, ngoja mpaka ukigusa kwa kidole haishiki tena, kisha ikunje ngozi ya nje kwenye mviringo na ulaze bitana ndani kuanzia katikati kuelekea ncha, ukiisukuma kwa dole gumba kidogo kidogo. Utaona bitana inazidi pembeni kwa milimita kadhaa. Huo ndio urefu uliokuwa unageuka mikunjo. Ukate, halafu ushone.

Hili silisemi kwa ajili ya urembo. Mkunjo mmoja wa bitana ukibanwa kwenye kifundo kwa robo saa unaacha mstari mwekundu, na mtu akiuzungusha mkono, mstari huo unachubuka.

14. Nishone kwa mkono au kwa cherehani?

Kwa mkono, kwa sindano mbili. Toboa matundu kila milimita 4, milimita 3 kutoka ukingoni. Chukua uzi mara nne ya urefu wa mshono, weka sindano kila ncha, na kila tundu lipitwe na sindano zote mbili, moja toka kushoto na nyingine toka kulia. Vuta kwa nguvu moja kila mara. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, na uyeyushe ncha kwa kiberiti cha gesi.

Mshono huu, uzi ukikatika mahali pamoja, uzi wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani hufumuka. Zaidi ya hapo, cherehani ya nguo ya nyumbani haitapenya milimita 4 za ngozi. Utavunja sindano na kumkasirisha mwenye cherehani.

15. Kingo zinakwaruza. Nazilainishaje?

Pitisha msasa mpaka nje na bitana viwe ukingo mmoja, kata pembe kali kwa wembe ulioulaza, lowesha kidogo kwa maji, kisha sugua haraka kwa kitambaa kizito cha turubai. Endelea mpaka uhisi joto vidoleni. Ukingo utaanza kung'aa kama mbegu ya ukwaju. Malizia kwa nta ya nyuki na usugue tena.

Inawezekana kwa ngozi ya magome tu. Ya kromu haikubali. Hiyo ikunje ukingo wake ndani na uushone.

16. Napata vipi nyeusi isiyohamia mwilini?

Swali hili naliheshimu kwa sababu liliwahi kuniaibisha. Pingu za kwanza nilizouza nilizipaka rangi ya dukani, zikakauka usiku mmoja, nikazikabidhi. Siku tatu baadaye mama mmoja akaingia, akakunja mkono wa buibui na kuniambia, "Fundi, tazama." Vifundo vyake vilikuwa vyeusi kama vya mpiga mkaa na havikuwa vimetoka kwa sabuni. Nilimrudishia fedha yake, na rangi ile sijaitumia tena ndani ya pingu.

Sasa natumia siki na chuma. Chukua stilwaya ya kusugulia masufuria, ile inayoshika kutu, ioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, itie kwenye mtungi wa siki nyeupe na uache wiki moja au mbili. Kifuniko usikikaze, maana inatoa gesi. Ichuje kwa kitambaa. Ukipaka maji hayo kwenye ngozi ya magome utaona jambo la ajabu: ngozi inaingia kijivu, halafu buluu, halafu nyeusi, mbele ya macho yako ndani ya dakika chache. Hakuna rangi uliyoweka; chuma kimekutana na tanini ya mwati na weusi umezaliwa ndani ya ngozi yenyewe. Ikishakolea, ipitishie maji yenye kijiko cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, ili kuua ukali wa siki. Suuza, kausha kivulini, kisha paka mafuta ya ngozi, kwani itakuwa imekauka sana.

Fanya haya kabla ya kugundisha bitana. Bitana yenyewe iache na rangi yake ya asili. Na ukitumia njia yoyote ile, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kabla ya mtu kuvaa. Kitambaa kikichukua rangi, kazi haijaisha.

17. Ribiti zinaweza kuchukua nafasi ya mshono?

Zisaidie mshono pale bizimu ilipokunjiwa, sawa. Peke yake hapana. Ribiti za vipande viwili zinazobanwa kwa nyundo huachia zikivutwa kwa pembeni. Za shaba zenye kikalio, yaani kipete bapa kinachokaa chini yake, zinashika zaidi, lakini upande wake wa ndani lazima ufunikwe na bitana.

## Usalama wa anayevaa

18. Nikaze kiasi gani?

Vidole viwili vipite kati ya bitana na kifundo bila kulazimisha. Halafu mwambie afumbe ngumi, atanue vidole, na aguse kidole cha mwisho kwa dole gumba. Akiweza vyote bila ganzi, kipimo ni sahihi.

Upana wa sentimita 6 ni kwa ajili hiyo hiyo. Mvuto ule ule ukigawanywa kwenye eneo kubwa unabana kidogo kila mahali. Ukiuachia ukanda wa sentimita 1 au kamba, unakata.

19. Kwa nini dole gumba linaingia ganzi?

Tawi la neva linalopita juu juu upande wa dole gumba wa kifundo limebanwa. Daktari Robert Wartenberg alieleza tatizo hili mwaka 1932, na leo madaktari hulikuta kwa watu waliofungwa pingu za polisi kwa kukazwa, hata kwa wanaovaa saa zinazobana. Ganzi inaweza kukaa wiki nyingi baada ya kufunguliwa.

Ganzi, kuwashwa kama sindano, vidole baridi, au kucha zinazogeuka rangi: fungua hapo hapo, usimalizie ulichokuwa unafanya. Mkono ukibaki dhaifu au ganzi isipoisha, nenda hospitali. Huna haja ya kusimulia usiku mzima. "Kifundo kilibanwa na mkanda" inatosha kwa daktari kujua pa kuangalia.

Hata kama hasemi kitu, muulize na umguse vidole kila baada ya dakika kumi hivi. Mtu aliyezama kwenye raha anachelewa kuhisi.

20. Nifanye nini ili pingu ifunguke haraka?

Jaribu mchana, taa zikiwa zimewaka, kisha jaribu gizani. Ukizidi sekunde chache kwa kila mkono, bizimu yako haifai au mkia umeubana mno. Kati ya pingu na kitanda weka kulabu ya kubonyeza, usifunge fundo: fundo lililovutwa linakaza. Karibu na mkono weka mkasi wa huduma ya kwanza wenye ncha butu, ule unaokata nguo za majeruhi. Unakata kamba na utepe mara moja. Milimita 4 za ngozi unazikata kwa shida, ndiyo maana kiunganishi kati ya pingu na kitanda kiwe kitu ambacho mkasi unakiweza.

Kubalianeni neno moja la kusimamisha kila kitu, neno ambalo hamlitumii chumbani. Wateja wangu wawili hutumia "daladala". Likitamkwa, hakuna mjadala. Na aliyefungwa haachwi peke yake, hata kwa kwenda kufungua mlango. Pombe nayo isiwepo.

21. Naweza kutengeneza ya shingoni?

Ya kuvaa kama pambo, ndiyo, kwa vipimo vya swali la 12 na upana usiozidi sentimita 4. Ya kufungia shingo kwenye kitu, au ya kuvuta kwa nguvu, hapana, na siishonei mtu yeyote. Shingoni pana mishipa ya damu ya ubongo na njia ya hewa, na hakuna ufundi wa ngozi unaoweza kurekebisha hilo.

22. Je, zitabeba mtu akining'inia?

Hazitabeba, na hata zingebeba, mikono isingevumilia. Pingu nilizozieleza ni za mtu aliyelala au kuketi, uzito wake ukiwa kwenye godoro. Mvuto wa uzito wote wa mwili kwenye vifundo unaumiza neva kwa muda mfupi sana.

## Kutunza

23. Nazisafishaje?

Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini kila baada ya kutumia, maana chumvi ya jasho ndiyo inayoipasua ngozi. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali linaifanya ngumu kama ubao. Kila miezi michache paka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ngozi, safu nyembamba, upande wa nje. Mafuta ya kupikia yasitumike. Yanachacha na kunuka.

24. Nipo pwani, zimeota ukungu.

Umeziweka kwenye mfuko wa plastiki. Wakati wa masika ngozi ndani ya plastiki huota ukungu kwa siku chache tu. Futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, anika kivulini siku nzima, kisha zifunge kwenye kipande cha kanga kuukuu kilicho kikavu. Kanga inapumua, na mgeni akifungua droo haoni kitu.

25. Naweza kumuazima rafiki?

Hapana. Ngozi ina vinyweleo, inakunywa jasho na kila kimiminika, na haichemshwi wala haitakasiki kabisa. Kila mtu awe na zake. Ikiingia damu kwenye bitana, bandua bitana hiyo na ushone nyingine.

## Maswali ya pembeni

26. Mwenzangu ana kisukari. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Kisukari cha muda mrefu hupunguza hisia mikononi na miguuni, na tahadhari zote za swali la 19 zinategemea mtu ahisi ganzi na aseme. Asiyehisi hawezi kukuonya. Kwa wateja wa hali hii nashauri utepe mpana wa pamba usio na bizimu, unaofungwa kwa kitambaa cha kunatana ambacho anaweza kukibandua mwenyewe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye huvilia damu kirahisi. Azungumze na daktari wake kwanza.

27. Naruhusiwa kuuza ninazotengeneza?

Tanzania na Kenya zote zina sheria dhidi ya vitu na picha zinazohesabiwa kuwa chafu, na mpaka wake haujachorwa kwa rula. Mkanda wa ngozi wenye bizimu ni mkanda wa ngozi. Picha ya mtu aliyeuvaa, ikiwekwa mtandaoni, ni habari nyingine: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya kuna sheria yake ya 2018. Mimi napiga picha ya pingu ikiwa juu ya meza, peke yake. Ukitaka kufanya biashara kubwa, lipia saa moja ya wakili.

28. Nitajua lini kwamba zimechoka?

Kunja mkanda kwenye tundu unalolitumia zaidi na utazame kwa karibu, mwanga ukitoka pembeni. Nyufa ndogo zinazoanzia tundu kuelekea ukingoni, tundu lililogeuka yai, uzi uliopauka na kuchambuka, au bitana iliyoanza kuwa ngumu: lolote kati ya hayo linatosha. Usizibe ufa kwa gundi. Fumua mshono, toa bizimu na pete, uzioshe na uzihifadhi kwa pingu inayofuata. Ngozi iliyobaki ikate vipande vya kujaribia panchi mpya.